Mfupa Uliotoa Ushahidi

Mnamo Oktoba 1873 msafara uliobeba maiti ya Dakta David Livingstone uliingia Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora wa leo. Livingstone alikuwa amefariki mwanzoni mwa Mei katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walizika viungo vyake vya ndani hukohuko, wakaikausha maiti kwa chumvi na jua, kisha wakaifunga kwa nguo na gome la mti. Huko Unyanyembe Luteni Cameron wa Uingereza aliwashauri waizike papo hapo, wakakataa. Walipofika Bagamoyo, Februari 1874, walikuwa wametembea zaidi ya kilomita 1,500.

Mabaki yaliyofika London hayakuweza kutambulika kwa sura. Je, yalikuwa kweli ya Livingstone? Swali hilo lilikuwa na uzito, kwani mwaka 1866 wapagazi waliomtoroka walifikisha Unguja habari kwamba ameuawa, kumbe yu hai.

Tarehe 15 Aprili 1874 mabaki hayo yalichunguzwa na daktari mpasuaji Sir William Fergusson. Ushahidi aliupata katika mkono wa kushoto. Mwaka 1844, huko Mabotsa, Afrika Kusini, simba alimng'ata Livingstone na kuuvunja mfupa ulio kati ya bega na kiwiko. Mfupa uliovunjika usipotulizwa, pengine vipande vyake haviungani. Baina yake hufanyika utando mgumu unaoviruhusu kucheza kama penye kiungo. Hali hiyo huitwa kiungo cha uongo. Fergusson aliwahi kuuona mkono huo mwenyewe akiwa hai. Sasa akakuta kasoro ileile, mahali palepale. Shaka ikaondoka, na tarehe 18 Aprili mazishi yakafanyika Westminster Abbey.

Kisa hiki chaonyesha kanuni ambayo haijabadilika: kutambua ni kulinganisha. Mifupa peke yake hueleza mambo ya jumla. Nyonga huonyesha kama marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke. Meno na ncha za mifupa hukadiria umri. Urefu wa mfupa wa paja hukadiria kimo. Lakini sifa hizo huwahusu watu wengi. Jina hupatikana pale tu alama iliyomo katika mabaki inapooana na kumbukumbu ya mtu huyo, kama vile picha ya eksirei, kadi ya daktari wa meno au alama za vidole, ama vinasaba vyake vinapolinganishwa na vya ndugu zake.

Katika njia hiyohiyo ya Tabora na Bagamoyo walifia wapagazi na watumwa wengi. Mifupa yao ikifukuliwa leo, mtaalamu aweza kusema huyu alikuwa kijana, yule mwanamke mzima. Majina yao hawezi kuyataja. Si kwa upungufu wa sayansi, bali kwa sababu hakuna aliyeandika habari zao walipokuwa hai.