Filamu za maisha yetu zifike Malaba

Januari 2022 malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi kutoka Malaba kuelekea Bungoma. Uganda ilikuwa imeagiza kila dereva apimwe korona mpakani na kulipia dola 30. Madereva wakagoma, na haukupita muda mrefu petroli ikapanda bei Kampala. Runinga zilituonyesha foleni hiyo kwa dakika mbili tatu, kisha zikaendelea na mengine. Dereva aliyelala siku kadhaa chini ya lori lake alikuwa anakula kwa nani? Alimwambia nini mkewe kwenye simu? Taarifa ya habari haina nafasi ya maswali hayo. Filamu ya hali halisi inayo, kwa kuwa hukaa na mtu hadi akazoea kamera na kuanza kuishi kama kawaida yake.

Ufundi huo tunao. Zipporah Nyaruri ametengeneza Truck Mama, filamu inayomfuata mwanamke Mkenya anayeendesha malori ya masafa marefu, maisha ambayo mtu wa Malaba anayajua bila kuelezwa. Sam Soko alimfuata Boniface Mwangi, mpiga picha aliyewania ubunge wa Starehe mwaka 2017, na kutupa Softie. Maia Lekow na Christopher King walikwenda Pwani wakarudi na The Letter, habari ya nyanya anayetuhumiwa uchawi na watu wa ukoo wake mwenyewe. Filamu hiyo haimpigii mtazamaji kelele. Inamketisha uani mwa familia, na taratibu anaanza kuona kwamba nyuma ya neno mchawi kuna ardhi inayotamaniwa. Upande wa Uganda, filamu ya Moses Bwayo na Christopher Sharp kuhusu mwanasiasa Bobi Wine ilifika hadi kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2024.

Sasa tazama zilikoonyeshwa kwanza. Softie ilizinduliwa katika tamasha la Sundance, Marekani, mwaka 2020. The Letter ilianzia Amsterdam mwaka 2019. Ile ya Bobi Wine ilianzia Venice. Siwalaumu watengenezaji, kwa kuwa fedha na wanunuzi wa filamu hizi wako huko. Lakini inaniuma kwamba mtu wa Amsterdam ameiona familia ya Kilifi kabla ya mtu wa Amagoro au Tororo, na kwamba wengi wa hawa wa kwetu hawataiona kabisa.

Wala si kwamba mpakani hakuna watazamaji. Mji wa Malaba unaishi kwa kungoja. Dereva anangoja karatasi za forodha, utingo anangoja dereva, wakala anangoja simu kutoka Mombasa. Jioni watu wanataka kitu cha kutazama, na eneo hili limekulia katika vibanda vya video. Uganda imewalea ma-VJ, wale wafasiri wanaoshika kipaza sauti na kuisimulia filamu ya kigeni kwa Kiganda huku ikiendelea. Kenya inamjua DJ Afro, anayefanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Filamu nyingi za hali halisi huja na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, yanayopita haraka. VJ anaweza kuwafungulia watazamaji filamu hizo kwa Kiswahili, Kiteso au Kijopadhola. Sharti moja tu: mwongozaji akae naye kwanza. Mzaha unaonoga katika filamu ya ngumi unaweza kumdhalilisha bibi anayesimulia jinsi anavyotishiwa kuuawa.

Sinema ya kuzungushwa si ngeni kwetu. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Waingereza uliokuwa na makao Vugiri, Tanganyika, ulipeleka filamu vijijini kwa lori, Kenya na Uganda zikiwemo, maelezo yakitolewa kwa lugha za wenyeji. Walithubutu kufika mbali. Kosa lao ni kwamba Mwafrika alipelekewa filamu afundishwe, wala hakuulizwa anataka kusema nini. Baadaye tamasha la ZIFF, lililoanza 1998 Unguja, halikubaki Ngome Kongwe peke yake. Lilizipeleka filamu hadi vijijini Unguja na Pemba. Basi njia ipo, na imeshapitiwa na watu wetu wenyewe.

Kikwazo kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni cha kisheria. Filamu inayoonyeshwa hadharani Kenya lazima ipitie Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Ikivuka daraja la Mto Malaba inakuwa mikononi mwa Baraza la Vyombo vya Habari la Uganda. Bodi hizi zina meno: Septemba 2021 ile ya Kenya ilipiga marufuku I Am Samuel, filamu ya Peter Murimi. Hata filamu isiyo na ubishi itahitaji vibali viwili ili itazamwe na ndugu wa ukoo mmoja wa Kiteso, mmoja akikaa Busia na mwenzake Tororo. Lori sasa linakaguliwa mara moja katika kituo cha pamoja cha mpakani. Filamu nayo inastahili utaratibu huo.

Kwa hiyo naziomba Kaunti ya Busia na Wilaya ya Tororo zikae meza moja na waandaaji wa matamasha ya Nairobi na Kampala. Waanze na wikendi moja tu, pazia jeupe na jenereta, usiku mmoja kila upande wa mto. Filamu ya kwanza iwe ya dereva wa lori, na madereva walio kwenye foleni waingie bila kiingilio.