KUTAFSIRI NAHAU NA VITENZI VYA MANENO MAWILI: KUTOKA KIINGEREZA KWENDA KISWAHILI

Utangulizi

Mtahiniwa, fikiria umemaliza mtihani wa kidato cha nne na uko nyumbani Horohoro, wilayani Mkinga, ukisubiri matokeo. Jirani yenu hununua machungwa Muheza na kuwauzia wateja wa Mombasa. Jioni moja anakuja na simu mkononi. "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu nisomee, mteja wangu ameandika Kizungu." Ujumbe unasema hivi:

"Our lorry has broken down at Lunga Lunga. Do not call off the order. We have only put it off till Thursday. Look after the oranges. We will make up for the delay."

Lunga Lunga ni upande wa pili wa mpaka, nchini Kenya. Ukimwambia jirani kwamba oda imefutwa, atayauza machungwa usiku huo huo kwa bei ya kutupa. Ukimwambia imeahirishwa, atayaweka kivulini na kusubiri Alhamisi. Faida na hasara yake imo katika maneno mafupi mawili: "call off" na "put off". Yote mawili yanaishia na "off", lakini la kwanza ni kufuta na la pili ni kuahirisha.

Sasa tazama tafsiri ya neno kwa neno:

"Lori letu limevunjika chini Lunga Lunga. Usiite mbali oda; tumeiweka mbali tu mpaka Alhamisi. Angalia baada ya machungwa. Tutatengeneza juu kwa ajili ya ucheleweshaji."

Kila neno limetoka kwenye kamusi, lakini jirani hajaambiwa kitu. Tafsiri inayofaa ni hii:

"Lori letu limeharibika Lunga Lunga. Usifute oda; tumeiahirisha tu mpaka Alhamisi. Yatunze machungwa. Tutafidia ucheleweshaji huu."

Mada hii itakusaidia katika karatasi mbili. Katika Kiingereza utakutana na "phrasal verbs" kwenye ufahamu na sarufi. Katika Kiswahili utaulizwa nahau na mnyambuliko wa vitenzi. Kanuni ya kushika ni moja: maneno yanayofanya kazi kama neno moja hutafsiriwa kama neno moja.

1. Kwa nini tafsiri ya neno kwa neno huharibika

Kiingereza hupenda kuchukua kitenzi kifupi, kama "run", "look" au "put", na kukiongezea neno dogo nyuma yake, kama "off", "up" au "after". Neno hilo dogo hubadili maana ya kitenzi chote. Kiswahili kina njia yake ya kufanya kazi hiyo: hubadili mwisho wa kitenzi. Wewe tayari unaijua kwa jina la mnyambuliko. Kutoka mzizi mmoja tunapata kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizwa na kimbizana. Hatuhitaji neno la pili.

Linganisha kitenzi "run":

(a) "run away" – toroka, kimbia
(b) "run after" – kimbiza
(c) "run to" – kimbilia
(d) "run over" – gonga (kwa gari)
(e) "run into" mtu – kutana naye bila kutarajia
(f) "run out of" – ishiwa

Zingatia (f). "We have run out of fuel" ni "Tumeishiwa mafuta". Maneno matatu ya Kiingereza yamebebwa na kitenzi isha kilichonyambuliwa. Zingatia pia kwamba (d) na (e) hazina uhusiano wowote na kukimbia. Ukishikilia neno "run" na kulitafutia kukimbia kila mahali, utapotea.

Sasa tazama "look":

(a) "look for" – tafuta
(b) "look after" – tunza, lea
(c) "look into" – chunguza
(d) "look down on" – dharau
(e) "look up to" – heshimu, tazama kama mfano wa kuigwa
(f) "look forward to" – subiri kwa hamu

Vitenzi sita vya Kiswahili, na kila kimoja kina mzizi wake. Kwa hiyo usikariri "look" peke yake. Kariri kila kifungu kizima pamoja na maana yake. Unapotumia kamusi pia, kama Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI iliyotoka mwaka 1996, usiishie mstari wa kwanza wa neno. Shuka mpaka ukute kifungu unachokitafuta.

2. Kifungu kimoja, maana zaidi ya moja

Kifungu kimoja kinaweza kuwa na maana mbili au tatu. Muktadha ndio unaoamua.

"Take off": Mtu akiwa na viatu, ni kuvua. Ndege ikiwa uwanjani, ni kuruka.
"Give up": Mtu aliyechoka na kupoteza tumaini amekata tamaa. Mtu aliyekuwa anavuta sigara ameacha.
"Break out": Vita, moto au ugonjwa huzuka. Mfungwa hutoroka.
"Hold up": Msafara uliosimamishwa mpakani umecheleweshwa. Duka lililovamiwa na wenye silaha limeporwa.

Ukiandika kwamba abiria "waliporwa Horohoro" wakati mwandishi alisema walicheleweshwa, umezua uhalifu ambao haukutokea. Kabla ya kuandika jibu, jiulize: nani anatenda, anatenda nini, na kwa nani?

3. Nahau: njia tatu

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yake. Kiswahili kimejaa nahau. Tunapiga picha bila kumpiga mtu, tunakula kiapo bila kutafuna, tunafunga safari bila kamba. Mwingereza akitafsiri "piga pasi" neno kwa neno utamcheka. Ukitafsiri nahau yake hivyo hivyo, atakucheka yeye. Mbele ya nahau ya Kiingereza una njia tatu. Zijaribu kwa mpangilio huu.

Njia ya kwanza: nahau yenye picha ile ile. Mara chache lugha zote mbili zina picha moja. "Crocodile tears" ni machozi ya mamba. "To wash one's hands of" jambo ni kunawa mikono.

Njia ya pili: nahau au methali yenye picha nyingine lakini maana ile ile. Hapa ndipo mtafsiri mzuri anapoonekana. Mfano:

(a) "Too many cooks spoil the broth" – Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kiingereza kiko jikoni, Kiswahili kiko baharini, lakini onyo ni lile lile.
(b) "To turn a deaf ear" – kutia pamba masikioni.
(c) "To take heart" – kupiga moyo konde.
(d) "To spill the beans" – kutoboa siri, au kumwaga mtama. Maharage yamegeuka mtama, kwa sababu sisi husema penye kuku wengi hapamwagwi mtama.

Njia ya tatu: maana ya wazi. Ukikosa nahau inayolingana, andika maana kwa maneno ya kawaida. "Once in a blue moon" ni mara chache mno. "To get cold feet" ni kuingiwa na woga. "It is raining cats and dogs" ni mvua kubwa inanyesha. Jibu la namna hii si dhaifu. Ni bora kuliko kubuni nahau ambayo Mswahili hajawahi kuisikia.

4. Mitego mitatu

Mtego wa kwanza: nahau yenye maana mbili. "To beat about the bush" ni kutosema jambo waziwazi. Siku hizi wengi husema kuzunguka mbuyu. Lakini katika orodha za nahau unazosoma shuleni, kuzunguka mbuyu ni kutoa rushwa. Sasa chukua sentensi hii: "The driver beat about the bush when the customs officer questioned him." Ukiandika "Dereva alizunguka mbuyu afisa wa forodha alipomhoji", msomaji anaweza kuelewa kwamba dereva alimhonga afisa! Mwandishi hakusema hivyo. Andika: "Dereva hakujibu waziwazi afisa wa forodha alipomhoji." Nahau ikiweza kumpa mtu kosa ambalo hakulitenda, iache.

Mtego wa pili: hadhi ya lugha. "To kick the bucket" ni kufa, lakini ni maneno ya mzaha. Ukiandika "aliaga dunia" umeleta heshima ambayo haikuwepo. "Alikata kamba" inakaribia zaidi. Kinyume chake pia ni kosa: "passed away" ya tangazo la msiba haitafsiriwi kwa "alikata kamba" mbele ya wafiwa. Andika "alifariki dunia".

Mtego wa tatu: tafsiri sisisi zilizozoeleka masikioni. Redioni na mitaani utasikia "mwisho wa siku" kwa maana ya "at the end of the day". Kwa Kiswahili, mwisho wa siku ni jioni. Ukiandika "Mwisho wa siku machungwa yaliuzwa", hatujui kama yaliuzwa magharibi au baada ya mahangaiko mengi. Andika "hatimaye". Vivyo hivyo, "naangalia mbele kukuona" iwe "nasubiri kwa hamu kukuona", na "kucheza nafasi muhimu" iwe "kuwa na mchango mkubwa". Kweli, baadhi ya tafsiri za namna hii zimeshakubalika, kama vita baridi na kuvunja rekodi. Zimekubalika kwa sababu msomaji huzielewa bila kurudi kwenye Kiingereza.

5. Hatua za kufuata

(i) Soma sentensi nzima, kisha pigia mstari maneno yanayokwenda pamoja.
(ii) Yatafutie maana moja kulingana na muktadha.
(iii) Andika kitenzi cha Kiswahili chenye maana hiyo. Jaribu mnyambuliko kwanza.
(iv) Kama ni nahau, pitia njia tatu tulizozitaja.
(v) Funika Kiingereza na usome Kiswahili chako peke yake. Jiulize kama bibi yako asiyejua Kiingereza angekielewa. Kama angeuliza "Una maana gani, mjukuu wangu?", rudia hatua ya pili.

6. Zoezi la kujipima

Tafsiri sentensi hizi kwa Kiswahili fasaha. Usitazame majibu kabla ya kumaliza.

1. We set off from Tanga before dawn.
2. The officer turned down his request.
3. Cholera broke out in the village.
4. He took off his shoes before the plane took off.
5. She put up with the noise all night.
6. The fishermen complained, but the owner of the boat turned a deaf ear.

Majibu

1. Tulifunga safari kutoka Tanga kabla ya alfajiri.
2. Afisa alilikataa ombi lake.
3. Kipindupindu kilizuka kijijini.
4. Alivua viatu kabla ndege haijaruka.
5. Alizivumilia kelele usiku kucha.
6. Wavuvi walilalamika, lakini mwenye mashua alitia pamba masikioni.

Ukikosa mbili au zaidi, rudia sehemu ya 1 na ya 3. Kisha chukua ujumbe wa machungwa, funika tafsiri yetu, na uutafsiri mwenyewe kana kwamba jirani amesimama mlangoni akisubiri.