Siku ya Tatu Alipewa Jembe, Cheti Akanyimwa

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika methali hiyo mna haki ya pande mbili. Mwenyeji ana haki ya kumtaka mgeni afanye kazi, asile bure. Na mgeni akiisha kulishika jembe, huyo si mgeni tena, bali ni mmoja wa watu wa mji. Nusu ya kwanza imetimizwa katika kila nchi ya dunia, maana hakuna tajiri aliyepata kumsahau mgeni alipotafuta mtu wa kulima. Nusu ya pili ndiyo iliyo ngumu. Leo twataka kusema juu ya nusu hiyo ya pili: mfanya kazi aliyekwenda nchi ya watu, akatoa jasho lake huko miaka mingi, apataje haki ya kukaa huko daima?

Mtu wa Chidya, anayekaa baina ya Masasi na uwanda wa Newala, hana haja ya kufundishwa maana ya kuhama. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja, nao wakaweka makao hapo. Mto Ruvuma nao haukuwa ukuta hata siku moja. Wamakonde wako ng'ambo hii na ng'ambo ile, nao ni ndugu. Mpaka ulichorwa na Mjerumani na Mreno kwa faida yao. Mreno alipozidisha kodi na kazi za shuruti, watu wengi wa Msumbiji walivuka kuja kwetu, wakakata mkonge katika mashamba ya Tanganyika. Wengine hawakuishia hapo. Walisogea kaskazini hata pwani ya Kenya.

Hao waliofika Kenya ndio tunaotaka wasomaji wetu wawatafakari, kwa sababu habari yao ni somo kubwa kwa kila mfanya kazi anayefunga mzigo kwenda ugenini.

Miaka themanini bila jina

Kuanzia miaka ya 1930, Wamakonde kutoka Msumbiji, na wengine waliopitia Tanganyika, walifanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa huko Kwale, kusini ya Mombasa. Walikata, walibeba, walichonga mpingo, walioa na kuolewa, wakazaa, wakazika wazee wao. Wenye mashamba walizijua nguvu zao vizuri sana, na walizihesabu kila siku. Lakini siku moja wenye mashamba waliondoka, mashamba mengine yakafungwa, na daftari za mishahara zikapotea pamoja nao. Mfanya kazi akabaki na mikono yake tu.

Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata Uhuru. Katiba ya siku ile ilimhesabu kuwa raia mtu aliyezaliwa Kenya, ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Wengine waliozaliwa huko waliachiwa miaka miwili wakajiandikishe. Sasa na tuulize: mkata mkonge anayelala kambini, asiyejua kusoma, angetambuaje kwamba muda wa kujiandikisha unahesabiwa na utakwisha Desemba 1965? Tangazo la serikali humfikia mwenye gazeti na mwenye wakili. Mtu wa kambini hufikiwa na kengele ya kazi tu. Mlango ukafungwa, naye hakujua kwamba ulikuwa wazi.

Kutoka hapo likazaliwa tatizo lililorithiwa na watoto na wajukuu. Mtoto alizaliwa Kwale, akasema Kiswahili cha Kwale, akasoma shule za Kwale; lakini alipofika umri wa kuchukua kitambulisho aliambiwa, wewe si wetu. Bila kitambulisho huwezi kupata kazi ya kuandikwa. Huwezi kufungua hesabu benki. Huwezi kuandikisha ardhi kwa jina lako, wala kupiga kura, wala kupita mbele ya polisi bila hofu. Na Msumbiji nako hakuna aliyewajua. Walikuwa watu wasio na nchi, hali wamesimama juu ya nchi waliyoijenga.

Mwaka 2010 Kenya ilipata katiba mpya, na mwaka 2011 ikatungwa sheria mpya ya uraia na uhamiaji. Sheria hiyo ilifungua mlango kwa watu wasio na nchi waliokaa Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, na kwa wazao wao, nao wakapewa miaka mitano ya kupeleka maombi. Lakini sheria kuandikwa ni jambo moja, na sheria kumfikia mtu ni jambo jingine. Miaka mitano ilikwisha Agosti 2016 na Wamakonde walikuwa bado mikono mitupu. Ndipo Oktoba 2016 mamia yao walipofunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaamuru wapewe vitambulisho kabla mwaka haujaisha. Mwezi Februari 2017 aliwafikia Kwale mwenyewe, wakaanza kupokea vyeti vyao, wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Waliotangulia kuwafuata katika njia hiyo ni Washona, mwaka 2020, na Wapemba wa pwani ya Kenya, mwaka 2023, ambao asili yao ni Kisiwa cha Pemba.

Wasomaji wetu waangalie sana jambo moja katika habari hii. Wamakonde wa Kwale hawakupata haki kwa huruma ya mtu mmoja mmoja aliyekwenda ofisini kujieleza. Kila aliyekwenda peke yake alirudi mikono mitupu. Walipata walipokwenda pamoja.

Mwaka wa kazi na mwaka wa sheria

Wengi wetu twadhani kwamba mtu akikaa mahali muda mrefu, basi haki ya kukaa huja yenyewe kama mvi kichwani. Sivyo. Uko mwaka wa kazi, na uko mwaka wa sheria, na miaka hiyo miwili si kitu kimoja. Mwaka wa kazi huhesabiwa na mgongo. Mwaka wa sheria huhesabiwa na karatasi. Mtu aweza kufanya kazi miaka ishirini na mbele ya sheria akawa hajakaa hata siku moja.

Tutazame Kenya yenyewe. Sheria ile ya 2011 humruhusu mgeni kuomba ukaazi wa kudumu ikiwa amekuwa na vibali vya kazi kwa miaka isiyopungua saba, na miaka mitatu ya mwisho kabla ya kuomba amekaa nchini mfululizo. Haikusema, amefanya kazi miaka saba. Imesema, amekuwa na kibali miaka saba. Fundi wa Newala anayejenga nyumba Mombasa bila kibali, hata akijenga mtaa mzima, miaka yake ni kama maji yaliyomwagwa mchangani. Na mwajiri anayemwambia, “Fanya kazi tu, mambo ya karatasi tutayaona baadaye,” humwibia kitu kikubwa kuliko mshahara, kwa sababu mshahara ulioibwa hudaiwa, lakini mwaka ulioibwa haurudi.

Wengine watasema, je, Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuyaondoa mambo haya? Ni kweli kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, imewapa wafanya kazi wa nchi wanachama ruhusa ya kutafuta kazi na kukaa katika nchi nyingine. Lakini ukaazi wa kudumu uliachwa mikononi mwa sheria za kila nchi. Na Msumbiji si mwanachama wa Jumuiya hiyo, ingawa tangu 2010 Daraja la Umoja limeunganisha Mtambaswala na ng'ambo ya Ruvuma. Magari yavuka darajani, lakini haki ya mfanya kazi bado yangoja.

Huko Uingereza, kwa kanuni zilizotumika miaka mingi, mfanya kazi mwenye kibali cha ustadi huomba makazi ya kudumu baada ya miaka mitano, na siku alizokuwa nje ya nchi huhesabiwa: zisizidi 180 katika miezi kumi na miwili yo yote. Aliyekuja nyumbani kuuguza mzazi miezi saba aweza kukuta hesabu yake imevunjika. Na mwaka 2025 serikali ya huko ilitangaza nia ya kuifanya miaka mitano kuwa kumi. Kwa hiyo mwenye kutembea asidhani kwamba mwisho wa njia hausogezwi.

Wala hatari hii si ya watu maskini wa Afrika peke yao. Mwaka 1948 meli iitwayo Empire Windrush ilileta Uingereza wafanya kazi kutoka visiwa vya Karibi, na wengi walifuata kujenga nchi iliyobomolewa na vita. Sheria iliwapa haki ya kubaki wote waliokuwa wamekwisha fika na kukaa kabla ya 1973. Haki walikuwa nayo, lakini wengi hawakuwa na cheti cha kuithibitisha. Mwaka 2018 dunia ikasikia kwamba wazee waliokaa huko miaka hamsini walifukuzwa kazi, walinyimwa matibabu, na wengine walihamishwa kwa nguvu. Zile kadi zao za kushukia bandarini zilikuwa zimeteketezwa na serikali mwaka 2010. Serikali iliomba radhi, lakini wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Katika nchi za Ghuba, ambako binti zetu wengi huenda kufanya kazi za nyumbani, neno lafaa lisemwe bila kuficha. Huko kibali hufungwa kwa mwajiri, na kazi ya nyumbani, hata iwe ya miaka mingi namna gani, haimpeleki mtu kwenye ukaazi wa kudumu. Anayekwenda huko na aende akijua kwamba atarudi, apange akiba yake kwa hesabu ya kurudi.

Ukaazi si uraia

Yapasa pia kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukaazi wa kudumu ni ruhusa ya kuishi na kufanya kazi bila kikomo, nawe ukabaki raia wa kwenu. Uraia ni kubadili utii. Kenya, tangu 2010, huruhusu uraia pacha. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao. Mtanzania akipokea ukaazi wa kudumu wa nchi nyingine hapotezi cho chote cha kwao. Akipokea uraia wa huko kwa hiari, amekwisha kuuacha wa kwetu. Ni mtu mwenyewe atakayechagua, lakini achague macho yakiwa wazi, asije akatia sahihi karatasi asiyoielewa.

Wako watakaotuuliza: je, nchi haina haki ya kulinda kazi za wananchi wake? Inayo. Kila taifa huru lina haki ya kuamua nani aingie na kwa kazi gani, na wafanya kazi wenyewe huumia tajiri akileta wageni kwa ujira wa chini ili kuvunja umoja wao. Lakini dawa ya ujira wa chini ni kumpa mgeni haki sawa, ili tajiri asipate faida kwa kumtumia. Mfanya kazi asiye na karatasi hawezi kudai, hawezi kugoma, hawezi kushtaki. Udhaifu wake ni fimbo ya kumpigia mwenyeji.

Basi yafaa tufanye nini? Kwanza, anayetoka Chidya, Masasi au Newala kwenda nje, asiondoke bila mkataba ulioandikwa. Kila kibali, kila mhuri wa kuingia na kutoka, kila hati ya mshahara na ya kodi, aihifadhi, na nakala yake aiache nyumbani. Aandike tarehe za safari zake. Kibali aombe kukiongeza kabla hakijaisha, kwa maana pengo la mwezi mmoja laweza kufuta miaka. Pili, vyama vya wafanya kazi na matawi yetu yawe na mtu wa kuwasomea watu sheria hizi kwa Kiswahili chepesi. Tatu, serikali isitangaze muda wa kujiandikisha mjini tu, bali ipeleke daftari mpaka kambini.

Na mwisho, tujitazame sisi wenyewe. Hapa kwetu wako waliovuka Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi, kabla Msumbiji haijawa huru tarehe 25 Juni 1975, nao hawakurudi. Wako waliofukuzwa na vita vya Cabo Delgado tangu 2017. Sheria yetu ya uraia ya 1995 humtaka mwombaji wa tajnisi awe amekaa miezi kumi na miwili ya mwisho mfululizo, na jumla ya miaka saba katika miaka kumi iliyotangulia, awe na tabia njema, na ajue Kiswahili au Kiingereza. Tanzania imekwisha ionyesha dunia kwamba jambo hili lawezekana, maana mwaka 2014 ilikamilisha kuwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa Burundi waliokuja mwaka 1972, pamoja na wazao wao. Lililofanyika Katumba na Mishamo lisishindikane kando ya Ruvuma. Mzee aliyepalilia mikorosho ya Newala miaka hamsini asiulizwe na mjukuu wake, “Babu, sisi ni watu wa wapi?” naye akakosa la kujibu. Viongozi wa vijiji wanamjua. Na wamwandike sasa, angali hai.