Wanasema naringa, kumbe usonji!

Wiki hii sina umbea wa nani kaachwa na nani kanunuliwa gari. Nina habari yangu mwenyewe, na kama huwa unapanda pantoni pale Feri, pengine ni habari yako na wewe.

Kwanza tuelewane kuhusu hili neno usonji. Si ugonjwa wa kuambukiza, si wendawazimu, si jini. Ni namna ubongo ulivyoumbika. Wengi wetu sauti, harufu na mwanga vinatuingia kwa nguvu, soga za juu juu zinatuchosha, na ratiba ikivunjwa tunavurugika. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner kule Marekani aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo, na mpaka leo watu wakisikia usonji wanaona picha ya mtoto tu. Jamani, kwani watoto hawakui? Yule wa kwanza kwenye orodha ya Kanner, Donald Triplett, alikuja kufanya kazi benki, akaendesha gari lake, akatembea nchi kibao, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa na usonji. Pantoni la MV Magogoni liliundwa kubeba abiria 2,000. Piga hesabu mwenyewe: likijaa, kama 15 humo ndani ni wa chama changu, na wengine hawajijui.

Mimi nilijijua nikiwa na miaka 26, tena kwa bahati. Nilimpeleka mwanangu kwa daktari, wakati huo ana miaka minne, kwa sababu maneno yalichelewa. Daktari akawa ananiuliza: anapenda kupanga vitu mstari? Anaziba masikio? Wali ukigusana na mchicha anasusa? Nikamjibu, "Ndiyo, lakini hiyo si kawaida, daktari? Hata mimi niko hivyo." Akaweka kalamu chini, akanitazama. Baada ya kuitwa mara kadhaa nikaambiwa tuko wawili.

Utauliza, mtu anafikaje miaka 26 bila watu kushtuka? Nimekulia Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya Kiswahili hasa. Sasa msichana asiyemtazama mtu mzima machoni, anayeongea mpaka aulizwe, anayekaa chumbani na kitabu ngoma inalia nje, kwetu anaitwaje? Ana adabu! Nilisifiwa mtaa mzima, bibi akawa ananitolea mfano kwa binamu zangu. Nimeolewa tu, mambo yakageuka. Macho yaleyale yakawa maringo. Na salamu ndiyo usiseme! Habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi, wakati mimi nishamaliza kwenye ile ya kwanza. Siku hizi nazihesabu kimoyomoyo: tatu kwa jirani, tano kwa wakwe, halafu ndiyo naanza kusema shida iliyonileta.

Mama yangu anakaanga samaki Feri na mimi namsaidia kabla sijakaa kuandika. Feri unaijua. Dalali ananadi kolekole, wapara samaki wanarusha magamba, mafuta yanalia kikaangoni, pantoni linapiga honi. Kwangu ni kama redio kumi zimefunguliwa stesheni tofauti. Kwa hiyo saa ya mnada hunioni. Naenda mchana pakishapoa, mwanangu ana hedifoni kubwa masikioni na mimi nimejifunga kanga kichwani mpaka chini ya masikio. Watu wanadhani nimekuwa swala tano.

Siku moja pantoni likaharibika, tukaambiwa tuzungukie Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa mwaka 2016. Kwa wengine ilikuwa hasara ya nauli tu. Kwa mwanangu dunia ilikatika. Akalala chini, akapiga kelele kisawasawa. "Mchape huyo!" "Wazazi wa siku hizi!" Mzee mmoja akaanza kumsomea dua. Mimi nikaketi palepale sakafuni pembeni yake. Sikumgusa, sikusema kitu, maana najua wakati ule hata neno la upole linauma kama kofi. Tulikaa dakika 40 hivi. Akanyamaza mwenyewe, akanishika kidole. Nikamwambia: kwanza basi, pili daraja, tatu nyumbani. Tukaondoka. Nani alinifundisha? Hakuna. Nilijua kwa sababu na mimi nilikuwa natamani kulala pale chini.

Sisemi ni raha tupu. Zipo siku tunazidiwa wote wawili, namwita dada yangu amchukue, nafunga mlango, nazima taa nusu saa. Majirani wanasema yao.

Mwaka jana wakwe waliitisha kikao. Walitaka mtoto akalelewe kwao Pangani, eti mama mwenyewe yuko hivi, mtoto ataponaje? Na kwamba ni mkono wa mtu. Mimi kikaoni ulimi unaganda, kwa hiyo niliandika kurasa mbili, mume wangu akasoma. Niliwaeleza habari ya Folstein na Rutter, waliochunguza jozi 21 za mapacha kule Uingereza mwaka 1977. Kwa wanaofanana, jozi 4 katika 11 wote wawili walikuwa na usonji. Kwa wasiofanana, hakuna hata moja katika 10. Hii kitu inatembea na damu, si na uchawi.

Pakawa kimya. Baba mkwe, mvuvi mstaafu, mtu wa kushona nyavu zake peke yake tangu tumjue, akakohoa. Akasema yeye tangu utoto hajawahi kukaa kwenye harusi mpaka mwisho, zile tarumbeta zinampasua kichwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. "Mtoto abaki kwa mama yake," akamalizia, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga.

Mtoto kabaki. Mama mkwe bado ananiletea maji ya kombe kwenye chupa kila mwezi. Nayapokea kwa mikono miwili, nasema asante mama, salamu zote tano. Na mchaichai wangu uani umestawi, acha kabisa!