Mlango Usioonekana: Kulinda Mtandao wa Nyumbani Bila Kuvunja Ujirani

Katika familia nyingi za mijini siku hizi, kifurushi cha intaneti kimeingia katika orodha ya matumizi ya mwezi pamoja na umeme, maji na ada za shule. Kwa hiyo kifurushi kilichotarajiwa kufika mwisho wa mwezi kikiisha tarehe 12, swali huulizwa kwa sauti ya chini: ni nani anayetutumia? Mara nyingi macho huelekea upande wa pili wa ukuta. Tumeulizwa jambo hili na waamini mara kadhaa, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kununiana na majirani wanaosali nao katika Jumuiya moja. Ndiyo maana tumeona vema kueleza hapa jinsi mtandao wa Wi-Fi unavyoingiliwa na jinsi unavyofungwa, na kusema neno juu ya haki, kwa kuwa jambo hili si la mitambo peke yake.

Ruta, yaani kile kisanduku chenye taa ndogo zinazomemeteka, hurusha mawimbi ya redio, na mawimbi hayajui mpaka wa kiwanja. Hupenya mlango, dari na tofali. Katika nyumba ya kupanga ambayo vyumba sita vinatazamana katika ua mmoja, ruta ya chumba kimoja husikika katika vyumba vyote. Hatuwezi basi kuyazuia mawimbi yasimfikie jirani. Tunachoweza ni kuyafunga kwa fumbo, ili asiye na ufunguo asikie kelele tu zisizo na maana. Ufunguo huo ni neno la siri.

Hasara ya kwanza ya ufunguo kuzagaa ni fedha. Saa moja ya filamu yenye picha safi yaweza kula gigabaiti mbili hata tatu, na kijana wa jirani hatazami filamu moja. Lakini iko hasara iliyo nzito zaidi. Kila kinachotoka kupitia ruta yako huonekana kwa walio nje kuwa kimetoka kwako. Hapa Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, na ruta inayotumia laini hubeba jina la aliyeisajili. Mtu akitumia mtandao wako kumtapeli mwingine, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtambua yeye kuwa mkosaji, na hata kule kuingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa. Hata hivyo, anayeweza kugongewa mlango kwanza kuulizwa ni mwenye laini. Aidha, aliyekwisha kuingia ndani ya mtandao amesogea karibu na vifaa vingine vya nyumba: kompyuta, printa, kamera ya getini.

Je, huingiaje? Wengi hudhani lazima awe fundi mjuzi. Mara nyingi sivyo. Siku ya msiba au ya Komunio ya Kwanza ya mtoto, wageni waliomba neno la siri, wakapewa. Simu zao zikalihifadhi, na tangu siku hiyo hujiunga zenyewe kila zinapokaribia, bila kumwuliza mtu. Mtoto wa nyumbani amempa rafiki yake, na rafiki amempa kaka yake kwa kumwonyesha ule mraba wa vidoti unaosomwa kwa kamera. Kwa hiyo huyo tunayemwita mwizi huenda hata hajui kwamba simu yake inatumia mtandao wetu.

Hapa tungependa kukaa kidogo, maana ndipo ujirani unapovunjika. Ruta nyingi huonyesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Baba wa familia anaifungua, anakuta vifaa tisa wakati nyumbani anahesabu simu nne, na baadhi vina majina yasiyoeleweka, herufi na tarakimu tupu. Anatoka nje akiwa amekunja uso. Kumbe kimojawapo ni televisheni yake mwenyewe, kingine ni king'amuzi, cha tatu ni simu ya zamani ambayo mtoto huchezea michezo. Tena simu za kisasa hujibadilishia namba ya utambulisho kwa ajili ya kulinda faragha, hata simu moja yaweza kuonekana katika orodha kama simu mbili. Orodha hiyo si ushahidi wa kumkabili mtu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2477) inahesabu hukumu ya haraka, yaani kuamini kosa la jirani bila msingi wa kutosha, kuwa dhambi dhidi ya heshima ya mtu. Njia bora ni rahisi kuliko uchunguzi: badilisha ufunguo. Vifaa vyote vitatoka kwa mara moja, vya halali na visivyo halali, nawe utavirudisha vyako kimoja kimoja. Hakuna atakayeaibishwa, na mwisho wa mwezi utajua kama tatizo lilikuwa nje au lilikuwa watoto wako wenyewe.

Kubadilisha si kazi kubwa. Ukiwa umejiunga na mtandao wako, fungua kivinjari cha simu au kompyuta na uandike anwani iliyobandikwa chini ya ruta. Kwa kawaida ni 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Utaombwa jina na neno la siri la msimamizi, ambayo nayo yamo katika kibandiko hicho. Angalia vizuri: haya ni maneno mawili tofauti. Moja ni la kujiunga na Wi-Fi, la pili ni la kuingia katika mipangilio ya ruta. Watu hubadilisha la kwanza na kuliacha la pili likiwa “admin” kama lilivyotoka kiwandani, hata kila aliyejiunga akaweza kuingia katika mipangilio na kusoma neno jipya. Yabadilishwe yote mawili.

Neno lenyewe lisiwe namba ya simu. Tunalisema kwa mkazo kwa sababu nyumba nyingi tulizozifahamu hutumia hiyo. Namba yetu ina tarakimu 10, lakini 3 za mwanzo zinajulikana kwa kila kampuni. Zinabaki 7, yaani namba milioni 10 kwa kila kianzio. Ni nyingi kwa mtu anayebonyeza kwa kidole, si kwa mashine. Mtu akinasa ile sekunde simu yako inaposalimiana na ruta, anaweza kwenda zake na kuendelea kukisia akiwa kwake. Kompyuta yenye kadi nzuri ya picha hujaribu maneno laki kadhaa kwa sekunde. Milioni 10 humalizika kwa muda wa chai kupoa. Jina la mtakatifu somo wa familia pamoja na mwaka wa ndoa nalo linajulikana na Jumuiya nzima. Afadhali ufungue kamusi mara tano bila kuchagua ukurasa, uchukue maneno matano yasiyohusiana, uyaandike mfululizo. Mama mzee atayaandika katika simu yake bila taabu, na mashine haitayapata.

Katika mipangilio hiyo hiyo utakuta aina ya ulinzi. Ule wa kwanza kabisa, WEP, ulivunjwa na wataalamu tangu mwaka 2001, na usitumike hata kidogo. Chagua WPA2 wenye AES, au WPA3 uliotoka mwaka 2018 ikiwa ruta na simu zako zinaukubali. Hata WPA2 uliwahi kukutwa na ufa: mwaka 2017 Mathy Vanhoef na Frank Piessens walionyesha namna ya kuingilia salamu zake. Wote wawili walikuwa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, chuo kikatoliki ambacho mizizi yake ni hati ya Papa Martino wa Tano ya mwaka 1425. Ufa huo huzibwa kwa kusasisha programu za simu, kompyuta na ruta. Masasisho tunayoyaahirisha kila siku ndiyo yenye dawa. Zima pia WPS, njia ya kujiunga kwa namba fupi ya tarakimu 8. Ilidhihirika mwaka 2011 kwamba ruta huikagua namba hiyo nusu kwa nusu, hata makisio yasiyozidi 11,000 yakatosha kuifungua.

Kuna wanaoshauri kuficha jina la mtandao. Haizuii chochote, programu za bure hulifichua mara moja.

Sasa swali ambalo vijana hutuuliza: ni dhambi kutumia Wi-Fi ya jirani? Katekisimu (na. 2408) inaeleza wizi kuwa ni kujitwalia mali ya mwingine kinyume cha utashi wa haki wa mwenye mali, na inaongeza kwamba hakuna wizi pale ambapo ridhaa yake yaweza kudhaniwa kwa haki. Basi neno la siri lililobandikwa ukutani katika ukumbi wa parokia ni ridhaa. Neno ulilolipata kwa mtoto wa jirani kwa kumpa pipi si ridhaa, hata kama kifurushi chake “hakina mwisho”. Na aliyetumia hivyo kwa miezi, toba yake haikamiliki kwa kufuta mtandao huo kimyakimya, haki inadai kurudisha (na. 2412). Kumwendea jirani, kumwambia, na kuchangia kifurushi kimoja au viwili hugharimu kidogo, ingawa miguu huwa mizito.

Mwenye mtandao naye asigeuze ukuta kuwa ngome. Mwanafunzi wa jirani anayehitaji kujaza fomu ya mkopo wa chuo hana kosa kuomba. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni: jina lake pekee, neno lake pekee, usiogusa vifaa vya nyumba, na mara nyingine unaoweza kuwekewa kikomo. Mpe huo. Utakapotaka kuufunga, hutakuwa na haja ya kubadilisha vya familia.

Kwa ofisi za parokia utaratibu huu ni wa lazima. Kompyuta yenye kumbukumbu za ubatizo, ndoa na zaka isiwe katika mtandao mmoja na simu za kwaya na za wageni wa semina. Na ruta ya zamani, kabla ya kugawiwa kigango au kuuzwa kwa fundi, ibonyezwe kitufe kidogo cha nyuma kwa sindano hadi taa zizimike na kuwaka upya, ili isiondoke na funguo za parokia ndani yake.