Radi Juu ya Mto Kongo: Namna ya Kuipata kwa Kamera

Kisangani haisubiri fataki ili anga yake iwake. Mji uko jirani kabisa na ikweta, msitu umeuzunguka, na jioni za mvua mawingu hupanda kutoka mashariki yakimulikwa na radi. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo hiihii, ya kwanza Afrika kwa radi: mimweko 205 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka.

Nina sababu nyingine ya kuichagua radi badala ya fataki. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga ndani ya mji huu, na mamia ya raia wakafa. Ngurumo watu wameizoea tangu utotoni. Mlio wa baruti usiku ni habari nyingine, na mpiga picha anapaswa kuliheshimu hilo.

Kwa kamera, kanuni ya fataki na ya radi ni moja. Mwanga wa radi huja na kwisha kabla hujapepesa macho. Kwa hiyo, kuacha shata wazi sekunde 10 au 25 hakuuongezi hata kidogo. Huongeza mwanga wa taa za Makiso, katikati ya mji, na wa mawingu tu. Hapo ndipo wengi hupotea: radi ikitoka nyeupe mno wanapunguza sekunde, na picha inayofuata inatoka vilevile. Kinachoitawala radi ni tundu la lenzi na ISO. Anza na ISO 100 na f/8. Radi ikiwa mbali, fungua hadi f/5.6, ikisogea, bana hadi f/11. Sekunde ziamuliwe na taa za mji, na umeme ukikatika unaweza kwenda hadi 30.

Kamera ikae kwenye stendi. Zima fokasi ya otomatiki, ulenge kwa mkono taa ya mbali, ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga, kwa mfano. Penye maporomoko ya Wagenia, magogo ambayo wavuvi hufungia mitego yao hutokea meusi mbele ya anga, na picha hupata mahali pake.

Lakini hesabu kila mara. Ngurumo ikifuata mweko kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10: acha stendi, toka ukingoni, ingia nyumbani, na usirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.