Nchi Haijulikani kwa Ajabu Moja

Kuna maarifa ya aina moja yanayopendwa mno na wasomaji wa magazeti, wasikilizaji wa redio na hata abiria wa matatu: maarifa ya mataifa na maajabu yake. Utaambiwa kwamba nchi fulani ina miezi 13, kwamba kwingine watu hula panzi, na kwamba kuna mahali ambapo ngoma na ufalme vilikuwa kitu kimoja. Msikilizaji hushika kinywa, hucheka, kisha huenda zake akidhani kwamba sasa anaijua nchi hiyo. Hapo ndipo penye kasoro, na hilo ndilo ninalokusudia kulijadili leo.

Sipingi maarifa hayo hata kidogo. Wahenga walituusia tutembee tuyaone, na asiyeweza kutembea basi na asome. Ninachopinga ni ile tabia ya kuichukua ajabu moja na kuifanya kuwa nchi nzima. Aidha napinga ule uvivu wa kustaajabu bila ya kuuliza sababu. Usione vyaelea, vimeundwa. Kila desturi ionekanayo kuwa kioja ina fundi aliyeiunda na haja iliyomsukuma kuiunda.

Sisi wakazi wa Dandora tuna sababu ya kulifahamu jambo hili kuliko wengi. Mtaa wetu ulianza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Watu wa kipato kidogo waligawiwa viwanja vipatavyo 6,000, kila kimoja kikiwa na maji, choo na bafu, kisha wakaachiwa wajijengee vyumba wenyewe kadiri ya uwezo wao. Wataalamu wa miji kutoka pembe mbalimbali za dunia waliufuatilia mradi huo na kuuandikia vitabu. Katika miaka ya 1990 vijana wa hapa waliojiita Kalamashaka waliufikisha muziki wa kufoka kwa Kiswahili katika redio za taifa zima. Lakini muulize mgeni anachokijua kuhusu Dandora, naye atakujibu kwa neno moja tu: jaa.

Ni kweli kwamba jaa lipo. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba limejaa, na taka zikazidi kumwagwa. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu nalo, na nusu yao walipatikana na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika kimataifa. Huo ni ukweli mchungu ambao haufai kufichwa. Hata hivyo, ukweli huo haumpi mtu ruhusa ya kumtazama kila mtoto wa Dandora kana kwamba alizaliwa juu ya taka. Kijana wetu anapokwenda kutafuta kazi mjini na kuulizwa anakotoka, mara nyingine hutaja mtaa mwingine. Anajua kwamba akisema kweli atahukumiwa kwa ukweli mmoja usio na wenzake.

Basi ikiwa tunaujua uchungu huo, ni kwa nini sisi wenyewe tuwatie wengine katika chungu hichohicho?

Nasema hivi kwa sababu majirani wa mataifa mengine hawako mbali nasi. Katika mitaa ya Eastlands leo utamkuta Mrundi akitembeza njugu karanga, Mkongomani akishona nguo au kunyoa, Msomali mwenye duka na Mganda mwenye kikaango cha chapati na mayai. Majuzi nimewasikia vijana, tena watanashati waliofika shule, wakimwigiza muuza njugu matamshi yake na kumwambia arudi kwao akapige ngoma. Yule bwana alitabasamu, akawapimia njugu zao, akaenda zake. Waliocheka hawakujua kwamba neno walilolitupa kama jiwe lina uzito kuliko walivyodhani.

Katika lugha ya Kirundi, neno ingoma lina maana mbili: ngoma yenyewe, na utawala wa mfalme. Hadi ufalme ulipokomeshwa mwaka 1966, ngoma za Burundi hazikuwa mchezo wa arusini tu. Zilikuwa sauti ya dola, na ngoma iliyoitwa Karyenda iliheshimiwa kama kitu kitakatifu. Mwaka 2014 UNESCO iliziandika ngoma hizo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kumwambia Mrundi akapige ngoma, kwa hiyo, ni kumwambia akashike jambo tukufu kuliko yote katika historia ya nchi yake. Laiti waliomtania wangalijua, tusi lao lingaligeuka kuwa salamu.

Na tuitazame Uhabeshi. Kwa desturi tunastaajabu kwamba Waethiopia wana miezi 13 na kwamba mwaka wao uko nyuma ya huu wetu kwa miaka saba au minane. Walisherehekea kuingia kwa mwaka 2000 tarehe 12 Septemba 2007, sisi tukiwa tumekwisha kuisahau sherehe yetu. Lakini hesabu yao ni nyepesi kuliko yetu: miezi 12 yenye siku 30 kila mmoja, na mwezi mdogo wa mwisho wenye siku tano, au sita katika mwaka mrefu. Tofauti ya miaka inatokana na hesabu ya kanisa lao kuhusu zama za kuzaliwa kwa Kristo. Ni nani kati yetu anayeweza kueleza sababu ya Februari kuwa na siku 28 kwa ufasaha wa namna hiyo?

La kustaajabisha zaidi ni kwamba katika jambo moja Waethiopia ni ndugu zetu hasa. Wao, kama sisi Waswahili, huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Mgeni kutoka Ulaya akiambiwa kwamba mkutano ni saa tatu asubuhi hutazama saa yake na kupigwa na butwaa. Kwake hicho ni kioja cha Afrika Mashariki, nacho hukiandika katika barua zake. Sababu yake ni dhahiri. Karibu na Ikweta jua huchomoza na kuzama takriban wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo mapambazuko ni mahali pema pa kuanzia hesabu. Mjini London mchana wa Desemba haufiki saa nane, ilhali ule wa Juni hupita saa 16. Atakayeanza hesabu yake kwa kuchomoza kwa jua huko atakosa kila miadi. Hivyo basi kila mmoja ana akili katika nchi yake, na kila mmoja ni kioja katika nchi ya mwenziwe.

Tukivuka mpaka wa Busia tutasikia habari za senene, wadudu wa jamii ya panzi wanaokaangwa na kuliwa kwa furaha nchini Uganda, na pia kwa Wahaya wa Bukoba, Tanzania. Waganda wameuita mwezi wa Novemba kwa jina la mdudu huyo. Mkenya hukunja uso akisikia hayo. Ajabu ni kwamba Mkenya huyohuyo aliyelelewa magharibi ya nchi anakumbuka utamu wa kumbikumbi baada ya mvua. Isitoshe, miongoni mwa Waganda wenyewe kuna watu wasiomgusa senene, kwa kuwa ndiye mwiko wa ukoo wao. Kila ukoo una mnyama, mdudu au mmea wake ambao watu wake hawauli, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Kwa njia hiyo mtoto hufundishwa mapema nani ni ndugu yake. Serikali ilizifuta falme mwaka 1967, nazo zikarejeshwa mwaka 1993, lakini koo zilikuwa zimebaki palepale. Mgeni anayeona mdudu tu katika sahani hataiona jamii iliyo nyuma ya sahani hiyo.

Kongo nayo twaijua kwa muziki, kwa vita na kwa wanaume wanaovaa suti za rangi kali. Ni wangapi wanaojua kwamba Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa la nchi hiyo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba? Mtoto wa Goma au Bukavu anapoingia darasani kwetu na kusema mutu na mutoto, na kushukuru kwa kusema aksanti, wenzake huangua kicheko. Wajuzi wa lugha watawaambia kwamba huo mu wa mutoto ndio wa kale, na kwamba m yetu ni mu iliyopoteza irabu yake njiani. Anayemcheka mtoto huyo anamcheka babu yake mwenyewe. Hali kadhalika, mji wa Barawa huko Somalia una lahaja yake ya Kiswahili iitwayo Chimiini. Wengi wetu humhesabu Msomali kuwa mgeni kabisa wa lugha hii, kumbe nyumbani kwao kuna waliozaliwa ndani yake.

Rwanda inasifiwa kwa usafi, na Wakenya wanaorudi kutoka Kigali husimulia kana kwamba wametoka peponi. Lakini usafi huo haukushuka pamoja na mvua. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi raia hutoka kwa umuganda, kazi ya pamoja ya kufagia, kuzibua mitaro na kujenga, na shughuli nyingi husimama hadi kazi hiyo imalizike. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku huko mwaka 2008. Sisi tulifuata Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019. Wapo watakaosema kwamba kazi ya lazima inanyima watu uhuru, nao wana hoja ya kusikilizwa. Ninachosema ni kwamba tusilete nyumbani sifa ya barabara safi na kuiacha huko habari ya ufagio.

Zipo pia taarifa za msingi ambazo tunazishika hata baada ya kupitwa na wakati. Muulize mtu mzima mji mkuu wa Tanzania, atasema Dar es Salaam, ingawa uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanywa mwaka 1973 na serikali imekwisha kuhamia huko. Muulize wa Burundi, atasema Bujumbura, ingawa Gitega ilifanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019. Mtu huyohuyo atakutajia bila kusita miji ya Uingereza na Uhispania, pamoja na uwanja, kocha na mlinda lango wa kila mji. Sioni ubaya wa kupenda kandanda. Naona ubaya wa kuijua Manchester kwa mitaa yake na kutoijua Moshi iliyo chini ya mlima tunaouona tukiwa Kenya.

Huenda msomaji akauliza faida ya haya yote kwa mtu anayehangaikia kodi ya nyumba. Faida ipo, tena ya mkononi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilizaliwa mwaka 1967 na kufa mwaka 1977. Sababu zilikuwa nyingi: siasa zilizotofautiana, ugomvi wa mapato, viongozi wasioweza kukaa meza moja. Mipaka ilipofungwa, walioumia zaidi walikuwa wachuuzi na wafanyakazi wa kawaida waliojikuta upande usio wao. Jumuiya ya sasa, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1999, ina mataifa manane tangu Somalia ilipoingia mwaka 2024. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake tu. Vijana wa Dandora wako Kampala, Juba na Kigali wakitafuta riziki, nao huko ndio wageni wenye matamshi ya kuchekesha. Tunavyomtendea muuza njugu hapa ndivyo tunavyoomba watoto wetu watendewe kule.

Mikataba hutiwa saini na marais, lakini ujirani hutiwa saini mlangoni. Kwa hiyo ninatoa rai tatu. Walimu wetu, wanapofundisha habari za nchi, wasiishie kwenye mji mkuu na bendera. Wamwulize mwanafunzi sababu ya kila desturi aitajayo. Wazazi wasiruhusu jina la taifa la mtu, liwe Mrundi, Mkongomani au Msomali, litumike nyumbani kama tusi, maana mtoto hulea alilolisikia. Na kila mmoja wetu, anapokutana na jirani aliyetoka mbali, amwulize angalau jambo moja kuhusu kwao kabla ya kumsimulia aliyoyasikia. Swali halina gharama, na mara nyingi hujibiwa kwa furaha.

Mwaka mmoja nyumba yetu ilialikwa na jirani Mwethiopia kunywa buna. Kahawa ilikaangwa mbele yetu, ikatwangwa, ikachemshwa, kisha ikamiminwa mara tatu kutoka katika chungu kimoja, kila mara ikiwa nyepesi zaidi. Tulipotaka kuaga baada ya kikombe cha pili tulizuiwa kwa upole, tukaelezwa kwamba mzunguko wa tatu huitwa baraka, na kwamba anayeondoka mapema huiacha mezani. Neno hilo halikuhitaji mfasiri. Wengi wetu tumekuwa tukiondoka kwenye nyumba za majirani zetu baada ya kikombe cha kwanza, tukaenda kutangaza kwamba kahawa yao ni chungu.